Nilikwenda Sinza kula mbuzi, kidogo nigeuzwe buzi!

NINGEKUWA mtu wa kuona haya, kisa hiki ningekufa nacho. Lakini najua wapo vijana wenzangu wengi ambao Jumamosi hii watavaa, watajipulizia manukato na kushika njia ya Sinza wakiwa na noti mbili tatu mfukoni na maneno mengi mdomoni. Kwa ajili yao nimeona bora niseme. Mwenye kucheka na acheke, mwenye kujifunza na ajifunze.

Mimi ni mtoto wa Temeke, kule Tandika. Kazi yangu ni ukarani katika duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Mshahara wangu wenyewe ni wa kumwambia mtu ukiwa mmekaa peke yenu. Kwetu Tandika kula nyama ni jambo jepesi. Jioni unasimama kando ya barabara, mishkaki imepangwa juu ya mkaa, bei ya mmoja inajulikana na kila mtu hadi watoto. Unakula, unahesabu vijiti vyako, unalipa, unafuta mdomo na kwenda zako. Hakuna anayekuita bosi.

Binti nilikutana naye Mwenge, kwenye kibanda cha kutolea fotokopi. Yeye alikuwa na rundo la karatasi za chuo, mimi nina ankara za duka, mashine ikaharibika tukabaki tunatazamana. Anasoma Mlimani, mwaka wa pili. Tukapeana namba. Mwezi mzima tukawa tunaandikiana, na mimi, kama mnavyotujua wanaume wa mjini, kila siku nilikuwa naongeza chumvi. Duka nikaliita "kampuni yetu". Ukarani nikauita "usimamizi". Siku aliponiuliza lini tutaonana, nikajibu kwa mbwembwe: "Wewe chagua sehemu yoyote, usijali kitu."

Akachagua. "Nyama choma, Sinza. Ni karibu na chuo, Jumamosi saa moja jioni."

Nikashukuru Mungu hakutaja hoteli ya ufukweni. Nikakaa kitandani nikapiga hesabu: nina 60,000. Kilo moja ya mbuzi, nikaweka 18,000 kwa bei niliyoisikia kwa washikaji. Ndizi nne, vinywaji vya kutosha, jumla haitazidi 30,000. Nyingine inabaki ya kumpandisha bajaji mtoto wa watu, na mimi kurudi Tandika kwa heshima. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Ubaya wake ni kwamba ilikuwa ya watu wawili.

SINZA YENYEWE

Kwa msomaji aliye mbali, Sinza si kitongoji cha kupita na kusahau. Zamani ilihesabika wilaya ya Kinondoni, tangu mwaka 2016 iko wilaya ya Ubungo, lakini waulize wenyewe watakwambia Sinza ni Sinza. Ilipimwa miaka ya 1970 katika mpango wa viwanja uliopata fedha za Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Watu waligawiwa viwanja vidogo vidogo wakajenga wenyewe. Mwenye nyumba akaongeza chumba cha kupangisha, mwenye chumba cha mbele akafungua duka, mwenye uwanja akaweka viti na jiko la mkaa.

Ng'ambo ya barabara ya Sam Nujoma kuna Mlimani. Chuo Kikuu kilianza mwaka 1961 katika jengo la mjini, mtaa wa Lumumba, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Kikahamia kilimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili cha Dar es Salaam. Ukiweka vijana maelfu juu ya kilima, jioni ni lazima wateremke kutafuta chakula. Wengine huishia Mwenge, wengine Survey, wengine tangu 2006 huzunguka Mlimani City kutazama nguo wasizonunua. Lakini wenye njaa ya kweli huvuka kwenda Sinza.

Huko hata majina ya vituo yana raha yake: Mori, Kumekucha, Makaburini, Afrika Sana, Kwa Remmy. Hicho cha mwisho ni jina la Remmy Ongala, mwanamuziki aliyezaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, akaja Dar mwaka 1978 na kufanya makazi yake maeneo hayo. Alifariki Desemba 2010, lakini makonda wa daladala bado wanamtaja kila siku kwa sauti ya juu.

Nilishuka kituoni saa kumi na mbili na nusu. Moshi ulinipokea kabla sijaona baa. Kila baada ya nyumba chache kuna jiko la nusu pipa, juu yake mbavu zimelala, pembeni mtu ameshika kisu na taulo begani. Harufu ya mafuta yanayodondokea mkaa ilikuwa inapita barabarani inachagua watu. Ukiwa na njaa na huna hela, Jumamosi usipite Sinza. Ni mateso.

WANAKUJA WANNE!

Jina la baa nalihifadhi. Nilichagua meza nzuri, mbali kidogo na spika, nikakaa kwa mkao wa usimamizi. Saa moja na robo nikamwona anaingia. Gauni la bluu, nywele amesuka, tabasamu lake lile lile la kwenye fotokopi. Nikasimama. Ndipo nikaona nyuma yake wamo wasichana wawili. Nikajipa moyo: wanapita tu hao. Nyuma ya wasichana akatokea mshikaji mmoja mwembamba, miwani usoni, mkoba mgongoni, na macho yake yalikuwa tayari yanatazama jiko.

"Kaka, hawa ni wenzangu wa darasani," akasema binti. "Jumamosi huwa tunakula pamoja."

Kaka! Mwezi mzima wa vocha, leo naitwa kaka mbele ya mashahidi watatu.

Nikacheka kicheko cha kuzuga. "Karibuni, karibuni sana, jisikieni nyumbani!" Moyoni nilikuwa nasema: kwisha kazi. Miaka ile ya tisini mjini hapa mwanaume wa kuliwa fedha zake aliitwa buzi, na kazi ya kumla iliitwa kuchuna. Nikawatazama wale wanne walivyovuta viti, nikajihesabu: mbuzi yuko jikoni, buzi yuko mezani. Wote wawili leo tunachunwa.

Mhudumu akaja, dada mchangamfu, kalamu sikioni. Hakuuliza meza, aliniuliza mimi. "Bosi, tuanze na kilo ngapi?"

Hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu ya makala yote haya. Neno bosi lilinipanda kichwani kuliko bia. Kuuliza bei mbele ya wanachuo wanne niliona ni kujivua nguo. Kuinuka kwenda kwenye mizani niliona ni mambo ya watu wa mishkaki. Nikapunga mkono: "Lete kilo tatu za mbuzi, ndizi, kachumbari, na kila mtu anachokunywa."

Mmoja wa wale wasichana, aliyejifunga mtandio, akamwita mhudumu karibu akamuuliza kwa upole kama jiko la mbuzi na la kitimoto ni moja. Akajibiwa kuwa la kitimoto liko uani, lina mtu wake, visu vyake na ubao wake. Akaridhika. Hakuna aliyemcheka wala kununa. Nikawaza, huyu dada ana moyo wa kuuliza anachotaka kujua kabla hajala, na bado meza inamheshimu. Mimi nilikuwa naogopa nini? Lakini wazo hilo likapita, kwa sababu bia ilikuwa imefika.

BINTI WA MFUGAJI

Nyama ya mbuzi haina haraka. Mbuzi hana mafuta mengi kama ng'ombe, ukimwekea moto mkali anakauka nje na ndani anabaki kama kamba ya viatu. Mchomaji anayejua kazi hungoja mkaa ushike majivu meupe, huweka nyama juu kidogo, hunyunyiza chumvi, na kugeuza bila papara. Kwa hiyo tulikaa karibu saa nzima tunazungumza.

Na mazungumzo yalikuwa matamu, nisiseme uongo. Yule mwembamba wa miwani alikuwa anaeleza habari za bumu. Kwa msiojua, bumu ni fedha ya kujikimu anayokopeshwa mwanafunzi na Bodi ya Mikopo. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 imepandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na humo humo mna chakula na malazi. Bumu likitoka, akasema, chuo kizima kinanukia mafuta ya kukaangia. Likichelewa, watu wanagundua dini na kufunga siku zisizo za mfungo. Tulicheka mpaka meza ya jirani ikageuka.

Binti akasimama. "Naenda kunawa," akasema. Nikamwona kwa mbali amepitia jikoni. Mchomaji alikuwa mzee wa makamo, na binti akamwamkia kwa kupiga goti kidogo, shikamoo baba. Wakazungumza wanacheka, kama mtu na mjomba wake. Aliporudi alikuwa kimya, ananitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

Sinia likaja. Mbavu, vipande vya shingo, kipande cha paja kimekatwa katwa, ndizi zimepangwa pembeni, kachumbari na pilipili mbuzi katikati. Mikono ikaingia. Jamani ile nyama ilikuwa tamu! Ngozi ya juu imekaukiana, ndani ina maji yake, ukigusa chumvi na ndimu unasahau unadaiwa kodi ya nyumba. Mshikaji wa miwani alikuwa anakula kimya kimya kama mtu anayefanya mtihani. Kila alipochukua ubavu, mimi nilihesabu.

Binti akanigeukia, sauti ya chini. "Kaka, hii kilo tatu ulipimiwa ukiona?"

Nikajibu bila kupepesa: "Hawa wananifahamu hapa, hawawezi kunizingua."

Ndiyo kwanza nilikuwa nimeingia baa ile. Akatikisa kichwa, akaendelea kula.

Mshikaji wa miwani akadakia, mdomo umejaa. "Huyu usimdanganye kwenye nyama braza, baba yake anauza mbuzi minadani." Ndipo nikaambiwa kuwa binti ni wa Kongwa, Dodoma, na tangu mdogo alikuwa anafuatana na baba yake mnadani. Mbuzi wetu wa kienyeji, akaeleza yeye mwenyewe, ukishamchinja na kumtoa ngozi, kichwa na matumbo, nyama pamoja na mifupa inafika kilo kumi, akinenepa kumi na mbili. "Kwa hiyo mtu akikuambia kilo tatu, ujue anakuambia robo ya mbuzi. Robo ya mbuzi unaiona kwa macho."

Wote tukatazama sinia. Hakuna aliyesema neno.

MBICHI NA ILIYOIVA

Hapa nisimame kidogo, maana jambo hili linawachanganya wengi na ugomvi wake nimeushuhudia mara nyingi. Nyama choma huuzwa kwa uzito wa nyama mbichi. Karibu robo tatu ya nyama isiyo na mafuta ni maji, na juu ya moto maji yanatoka, mafuta yanadondoka. Kilo moja iliyopimwa mbichi inaweza kufika mezani ikiwa gramu mia saba au pungufu kidogo, na humo mna mifupa. Huo si wizi, ndivyo moto unavyofanya kazi. Mtu anayebeba sinia lake kulirudisha kwenye mizani baada ya kuchomwa anajiaibisha bure.

Mahali pa kujua ukweli ni kabla ya moto. Nyama inakatwa mbele yako, inawekwa kwenye mizani mbele yako, unaona namba, unaambiwa bei, unakubali au unapunguza. Mizani yenyewe inatakiwa ihakikiwe kila mwaka na Wakala wa Vipimo, iwe na stika yake. Na nyama yenyewe ikiwa imepita machinjio halali kama Vingunguti, mkaguzi anakuwa ameitazama na kuigonga muhuri. Mteja anaruhusiwa kuuliza yote haya. Gharama yake ni kusimama na kutembea hatua kumi.

Hatua kumi ambazo mimi, bosi, nilikataa kuzitembea.

BILI

Ilikuja imekunjwa kwenye kisahani, juu yake vijiti vya meno. Mhudumu akaiweka mbele yangu kwa heshima zote. Nikaifungua chini ya meza kama mtu anayetazama karata.

Mbuzi kilo tatu, kila moja 22,000: 66,000. Ndizi kumi: 5,000. Bia sita: 15,000. Soda sita: 6,000. Jumla 92,000.

Nilikuwa na 60,000, na humo nilishatoa nauli ya kuja. Masikio yakaanza kuvuma. Nikasema kwa sauti ya kiume, "Samahani jamani, napokea simu," wakati simu yenyewe haikuwa imelia. Nikakimbilia chooni.

Kule chooni nilimpigia mshikaji wangu wa Mbagala. Hapokei. Nikampigia wa Tandika. Akapokea, nilipotaja hela mtandao ukakatika ghafla, mambo ya ajabu hayo. Nikajaribu kukopa kwenye simu, nikajibiwa kuwa nina deni la zamani. Nikawa nimeegemea ukuta, jasho linatiririka, nawaza kuacha kitambulisho, nawaza kuruka ukuta, nawaza mambo ambayo mtu mzima hapaswi kuyawaza.

Mlango ukafunguliwa. Mshikaji wa miwani.

"Braza, vipi, uko salama?"

"Niko poa, tumbo tu."

Akanawa mikono taratibu, akanitazama kwenye kioo. "Bili imesomaje?"

Sijui ni nini kilinifanya niseme ukweli. Labda uchovu. "Tisini na mbili. Na mimi sina."

Yule kijana niliyekuwa namhesabia mbavu akacheka, lakini si cheko la dharau. "Sasa si ungesema? Sisi huwa tunakula pasu kwa pasu. Yeye alituambia toka chuoni kila mtu abebe chake, tusije kumwonea mtu wa watu. Ulivyopunga mkono ule tukashindwa kukukatiza. Tulikuwa tunangoja useme tu."

Msomaji wangu, hakuna aliyekuja kunichuna! Walikuja na chao mfukoni, fedha za bumu, za watu wanaoishi kwa 10,000 kwa siku. Aliyekuwa anatafuta mchunaji ni mimi mwenyewe, na kisu nilikuwa nimekishika mimi.

KIKARATASI CHA JIKONI

Tuliporudi mezani nikakuta binti ameshika bili. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alimwita mhudumu, akamwambia kwa upole, "Dada, naomba tuongozane jikoni kidogo." Nami nikafuata, maana kubaki kungekuwa aibu ya tatu kwa usiku mmoja.

Kumbe kila oda inayokwenda kwa mchomaji huandikwa kwenye kikaratasi, namba ya meza na kilo, kinachomekwa kwenye msumari. Alipopita kule mara ya kwanza, binti alikuwa amekiona cha meza yetu. Kiliandikwa mbuzi, mbili.

"Baba, samahani," akamwambia mchomaji, "meza yetu ulichoma kilo ngapi?"

"Mbili, mwanangu. Si nilikuonyesha?" Mzee wa watu akachomoa kikaratasi. Mbili. Binti akaweka bili pembeni yake. Tatu. Hakupaza sauti, hakuita mtu mwizi. Alinyamaza tu, na mhudumu naye akanyamaza. Mwenye baa akaja, akatazama karatasi zote mbili, akamtazama dada yake wa kazi kwa jicho ambalo nadhani waliendelea nalo baada ya sisi kuondoka. Akaomba radhi, akafuta kilo moja.

Tisini na mbili toa ishirini na mbili, ikabaki 70,000. Watu watano, kila mmoja 14,000. Fedha zikatolewa mezani, noti za elfu mbili mbili na tano tano, mmoja akatuma kwa simu. Nikatoa zangu 14,000. Ninavyoandika hapa bado nashangaa: nilikuwa na uwezo wa kula vizuri na kubaki na chenji, nikachagua kutoka jasho chooni.

Nikamuuliza binti tukiwa tunatembea kuelekea kituoni, wenzake wametangulia. "Uliona kikaratasi mapema. Mbona hukusema pale mezani?"

"Nilikuuliza kama ulipimiwa ukiona. Ukasema wanakufahamu." Akatembea kidogo. "Ningekubishia mbele ya watu ungejisikiaje?"

Sikuwa na jibu.

"Baba yangu anauza mbuzi," akasema, "na yeye mwenyewe akienda kununua kilo anauliza bei. Ungeniambia una elfu sitini, kaka, tungekula vizuri sana."

Kaka tena. Lakini safari hii niliona nimestahili.

KWA HIYO VIJANA WENZANGU

Sikuandika haya kuwaharibia watu biashara. Wengi wa wachomaji wetu wanafanya kazi ngumu, moshi machoni kuanzia mchana hadi usiku wa manane, na nyama ya Sinza bado siibadilishi na ya hoteli yoyote. Nairobi wana Carnivore yao iliyofunguliwa mwaka 1980, watalii wanaletewa nyama kwenye mikuki. Waache nayo. Mimi nipe kiti cha plastiki, mkaa na kelele za Jumamosi.

Ninachosema ni hiki. Ukifika, kabla hujaagiza, nenda jikoni. Msalimie mchomaji, ni mtu, si jiko. Chagua kipande: paja kama unataka nyama, mbavu kama unataka utamu, shingo kama una subira. Tazama mizani inaanza kwenye sifuri kabla nyama haijapanda. Uliza bei ya kilo kwa sauti ya kawaida. Kwa watu wawili nusu kilo na ndizi inatosha kuanzia, ukiona haitoshi unaongeza, maana nyama ikishaagizwa hairudi zizini. Tazama kama kisu na ubao wa nyama mbichi ndio huo huo unaokatia iliyoiva, na kama ndio, hama. Kama katika meza yenu yupo asiyekula kitimoto, ulizeni majiko kabla ya oda. Mkiwa wengi, kubalianeni mapema nani analipa nini. Hakuna meza iliyovunjika kwa swali hilo, zimevunjika nyingi kwa kulinyamazia.

Na wewe dada unayesoma, mkija wanne, mwambieni mwenzenu mapema kuwa mmekuja na chenu. Mtaokoa presha ya mtu.

Mnataka kujua iliishaje? Wiki mbili nilikaa kimya kwa aibu. Kisha nikamwandikia ujumbe mfupi: mimi ni karani, si msimamizi, nina 25,000, na nina hamu ya nyama. Akajibu baada ya dakika kumi ambazo kwangu zilikuwa mwaka: "Jumamosi saa moja. Safari hii unapima wewe."

Tukaenda baa nyingine, wawili tu. Nikaenda jikoni mwenyewe. Shikamoo mzee, mbuzi kilo bei gani? Elfu ishirini. Naomba nusu, ya mbavu. Mizani ikapanda, nikainama nikasoma: gramu mia tano na ishirini. Mzee akanicheka, akaniachia ile ishirini. Nikarudi mezani nimebeba habari hiyo kama kombe.

"Nusu kilo na gramu ishirini!" nikatangaza.

Binti akacheka mpaka akafunika uso. Kisha akaniita kwa jina langu, lile nililopewa na wazazi wangu, na neno kaka sikulisikia tena usiku ule.